Tumeitwa kwenye kipindi cha TV cha bajeti ya familia. Mume anataka, mimi nasita

MamaVitenge_Moro

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo, hasa ya waliowahi kutokea kwenye hizi rialiti shoo.

Mimi nina kizimba cha vitenge na madera Soko Kuu la Chifu Kingalu hapa Morogoro. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Tuna watoto watatu, na shemeji yangu mdogo anakaa kwetu akisoma VETA. Sasa kuna kampuni ya Dar inatafuta familia za kipato cha kawaida. Wanakuja kurekodi nyumbani, mtaalamu anapekua mapato na matumizi yenu yote, anawapangia bajeti, mnaishi nayo wiki kadhaa huku kamera zikija na kuondoka. Mkifanikiwa mnapewa fedha ya kupunguzia deni.

Mume kachangamka kama kaitwa Bungeni. Anasema Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 kabla hajaushika mshahara, benki nayo inachukua chake, anabakiwa na ile theluthi ya mshahara isiyoruhusiwa kukatwa tu. "Tufiche nini? Kila mwalimu nchi hii anajua mwenzake anabaki na shilingi ngapi."

Kwake sawa. Kwangu siyo. Wametaka taarifa za benki na za miamala ya simu za sisi wote wawili, pamoja na daftari langu la mauzo. Mume anajua ninachoingiza, hilo halina shida. Wasiojua ni ukweni. Mama mkwe anajua nina "kakibanda ka vitambaa". Msimu wa sikukuu na harusi, hako kakibanda kanampita mwanawe mshahara. Siku atakapokaa na mawifi kule Kilosa wakaona tarakimu zimeandikwa chini ya jina langu, asubuhi yake simu ya kwanza itakuwa ya bati, ya pili ya ada, ya tatu ya ng'ombe anayeumwa. Na siyo kwamba hatutoi. Tunatoa kila mwezi, ila kwa kipimo, na kipimo chenyewe kinasimama kwa sababu hawajui.

Mkataba umeletwa kwa Kiingereza, mrefu, na wanataka jibu haraka. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Kibonge_Tandika

Chukueni hela hizo dada. Ndugu watakusema hata usipotokea kwenye TV.

Asha_wa_Temeke

Mamaa, mimi na mzee wangu tulishiriki kipindi cha namna hiyo miaka ya nyuma. Kituo sikitaji.

Kwanza ujue kurekodi ni kazi. Wanazima feni kwa sababu ya sauti. Fikiria sebule ya Temeke mwezi wa pili, taa zao zinawaka, watu wamejazana, madirisha yamefungwa ili bajaji zisisikike, na feni imezimwa. Friji nayo wanaichomoa maana inanguruma. Kama una nyama ndani, ipeleke kwa jirani mapema. Halafu ukiingia mlangoni na kikapu cha sokoni ukaitupia kamera jicho, unarudishwa nje uingie upya, utabasamu upya, ushangae upya. Mtoto wangu wa mwisho alichoka akauliza mbele yao, "Mama, kwani huwa unaingiaga mara ngapi?"

Mtaalamu, nisimnyime haki yake, alikuwa mzuri. Hakutuhubiria habari za kuacha soda. Alichukua taarifa ya miamala ya mzee akapiga mstari mwekundu kwenye makato tu: ya kutuma, ya kutoa, ya Songesha, ule mkopo wa M-Pesa salio likipungua. Mzee alikuwa na tabia ya kutoa elfu tano asubuhi, elfu kumi mchana, elfu tano tena jioni. Makato ya mwezi mmoja yalipojumlishwa yakatosha kujaza mtungi mdogo wa gesi. Mpaka leo mzee anatoa mara moja kwa wiki, na hilo hatukulijua mpaka walipokuja.

Kilichouma ni kikoba. Kamera ilipita juu ya karatasi za miamala mezani, sekunde chache tu, lakini majina ya wenzangu yalisomeka kamili pamoja na kiasi nilichomtumia kila mmoja, maana taarifa ya simu ndivyo inavyotoka. Mmoja wao alikuwa amemwambia mumewe kwamba alishajitoa kwenye kikundi. Mwekahazina akaitisha kikao, ikafunguliwa katiba, nikapigwa faini ya kutoa siri za kikundi. Nililipa.

Kuna na suala la kuhariri. Tulirekodi siku nzima tukiongea vizuri. Kilichosambaa WhatsApp ni kipande cha mzee anaulizwa mchele kilo shilingi ngapi, naye anajibu, "Hayo muulizeni mama." Kijiweni wakamwita Bwana Mchele. Jina hilo amezoea sasa, lakini mwanzoni alikuwa anapitia njia ya nyuma kurudi nyumbani.

Kwa hiyo mimi sikwambii msiende. Nakwambia zile karatasi mezani zina majina ya watu ambao hawajaulizwa kama wanataka kuonekana.

Sheria_Kijiweni

Naongezea hapo kwa Asha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Miamala ya fedha ya mtu imewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, na taarifa za watoto vilevile. Taarifa nyeti zinahitaji ridhaa ya maandishi ya mhusika mwenyewe. Wewe unaweza kuridhia za kwako. Za mwekahazina wa kikoba huwezi kumridhia, wala za mteja wako aliyechukua doti kwa mkopo na jina lake liko kwenye daftari.

Sheria inakuruhusu pia kuondoa ridhaa. Lakini tuseme ukweli, kipindi kikisharushwa na vipande vikishaingia kwenye simu za watu, utaondoa nini? Kwa hiyo nguvu yako yote iko kabla ya kusaini. Soma kipengele cha matumizi, mara nyingi kinasema wanaweza kutumia picha zenu popote, kwa njia yoyote, bila kikomo cha muda. Dai muone kipindi kilichohaririwa kabla hakijaenda hewani, na liandikwe ndani ya mkataba. Ahadi ya mdomo ya mtayarishaji haina mashiko.

Na mwalimu ni mtumishi wa umma. Amwone mwajiri wake kwanza, apate kibali kwa maandishi.

MbebaBox_Toronto

Huku Kanada kulikuwa na kipindi cha hivyo hivyo, Til Debt Do Us Part, kilianza 2005, mwendeshaji mama mmoja mkali anaitwa Gail Vaz-Oxlade. Alikuwa anawanyang'anya wanandoa kadi za benki na kuwapa fedha taslimu kwenye chupa za kioo: chupa ya chakula, ya usafiri, ya starehe, ya nguo. Chupa ikiisha, imeisha. Wakifanya vizuri wanapata hundi, hadi dola 5,000.

Mimi na wenzangu tukikitazama tulikuwa tunaulizana, chupa ya Western Union iko wapi? Familia kwenye kipindi kile ni baba, mama na watoto, basi. Deni lao ni lao na hela yao ni yao. Ukichukua mpango ule ukauleta kwa mtu mwenye mama Kilosa na shemeji VETA, mtaalamu ataandika "msaada kwa ndugu" kwenye ubao halafu atakupigia hesabu ya kuupunguza, na mama mkwe anatazama. Muulizeni huyo mtaalamu mapema: fungu hilo atalishughulikiaje mbele ya kamera? Kwangu hilo ni zito kuliko mauzo yako kujulikana. Akijua una hela ataomba. Akisikia umeambiwa umpunguzie, na ukaitikia kwa kichwa, hilo atalisimulia mpaka matanga yako.

MamaVitenge_Moro

Nashukuruni sana. Hili la MbebaBox limenikosesha usingizi, sikuwa nimeliwaza kabisa.

Mrejesho. Tumempigia mtayarishaji nikiwa na maswali yenu kwenye karatasi. Daftari la mauzo na taarifa za miamala mtaalamu atavisoma pembeni bila kamera. Kwenye kioo mapato yangu yataonyeshwa kwa mafungu ya asilimia, siyo shilingi. Kikoba kitaitwa "kikundi" tu. Watoto hawatavaa sare za shule. Kuona kipindi kabla hakijarushwa amegoma kwanza, baadaye akakubali tuone na kupinga yale yenye makosa ya ukweli tu, na ameahidi kulileta kwa maandishi. Kisipoandikwa hatusaini. Mume ameshapeleka barua kwa mkuu wa shule, tunasubiri ipande juu. Deni la benki la mume lazima litajwe kwa tarakimu, maana bila hilo, anasema, hakuna kipindi. Mume karidhia.

Kuhusu fungu la ukweni tumekubaliana wenyewe kabla hawajaja: kiasi hakishuki. Mtaalamu akate kwingine, hata kwenye king'amuzi.

Ila kumezuka jipya. Shemeji kampigia mama yake akamweleza kila kitu. Nilijua nitaambiwa habari za bati. Wapi! Mama mkwe anauliza watu wa TV wanafika lini, na nimletee dera gani, maana naye ana ya kusema juu ya jinsi alivyomsomesha mwanawe kwa kuuza mpunga. Mtayarishaji kusikia kuna mkwe anayetaka kuhojiwa, karibu aruke. Nafanyaje hapo?

Asha_wa_Temeke

Mpelekee dera zuri. Mwambie mtayarishaji amrekodi Kilosa kwake, akieleza habari za mpunga, siku tofauti kabisa na ile ya daftari. Atatoka vizuri kwenye kioo kuliko nyie wote, na hatakuwepo sebuleni hesabu zikimwagwa.