Gumzo la ukoo: ukuta wa nyumba ya Bibi

Ami Khamis: Assalaam alaykum nyote. Natoka nyumba ya Bibi. Ule ukuta wa ukumbini tuliopiga saruji mwaka juzi unabanduka. Nimeugonga kwa kidole, unalia kama debe tupu. Nyuma ya plasta jiwe linamomonyoka, ukilishika linabaki mkononi unga mtupu.

Shangazi Zuwena: Wa alaykumu ssalaam. Nilisema siku ile ile. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, zimeshikwa na chokaa. Chokaa inaachia unyevu utoke. Saruji inaufunga ndani pamoja na chumvi, na chumvi inakula jiwe.

Nassor: Fundi alituambia saruji inakauka upesi, na Bibi alitaka arudi kwake kabla ya Ramadhani.

Shangazi Zuwena: Ndiyo haraka yenyewe hiyo. Chokaa ya kweli inazimwa kwa maji, inalowekwa shimoni miezi. Mnakumbuka Disemba 2020, Beit al Ajaib, lile jumba la kale la Forodhani, ilivyoporomoka na watu wawili wakafa? Tangu siku hiyo nikipita chini ya ukuta wa Bibi natazama juu.

Ami Khamis: Fundi nimempata. Yule mzee wa Malindi aliyemfanyia kazi baba ameshatangulia, Mungu amrehemu, lakini mwanafunzi wake yupo. Kijana wa Tabora. Kakaa na mzee miaka sita, alianza kwa kubeba ndoo.

Dada Salma (Maskati): Mtu wa bara ndiye anayejua chokaa ya Unguja? Watoto wa mzee wako wapi?

Ami Khamis: Mmoja bodaboda, mmoja hotelini Nungwi, mmoja yuko huko huko kwenu. Na mzee aliniomba vijana wetu pia. Nikampelekea Nassor, akakaa wiki mbili.

Nassor: Ami, naomba niseme leo. Kazi niliipenda. Mzee hakuwa na cha kunipa, hata nauli ya daladala kutoka Fuoni. Baba ndio alikuwa kaanza kuumwa, mama ananitazama mimi. Yule wa Tabora hakuwa na kwao hapa, akawa analala kwa mzee na kula kwa mzee. Ndiyo maana yeye aliweza kusubiri.

Shangazi Zuwena: Mbona hukutwambia, mwanangu?

Nassor: Niliona haya.

Dada Salma (Maskati): Basi nimekosea kuuliza vile, nisameheni. Huku nilipo karibu mafundi wote wa ujenzi ni Wahindi, Wabangladeshi na Wapakistani. Serikali ina mpango wa kuweka Waomani makazini tangu 1988, lakini kwenye majengo bado hali ni hiyo. Na Waomani wana sarooj yao, udongo uliochomwa ukasagwa, ndiyo iliyojengea ngome na mifereji ya falaj. Sisi neno tumelichukua, likawa saruji, tukaipa simenti.

Mwanaisha: Mimi naona yule kijana katuhifadhia kitu chetu. Tusimwite mara moja tukamwacha. Ana cheti?

Ami Khamis: Hana karatasi yoyote. Ndiyo maana wakandarasi wanamlipa kibarua.

Mwanaisha: Bara VETA, mamlaka yao ya mafunzo ya ufundi, wanampima fundi aliyejifunza kazini na kumpa cheti. Jumatatu napita Mwanakwerekwe, kwenye kituo cha mafunzo ya amali, niulize wao wanafanyaje.

Nassor: Na Yussuf? Kamaliza skuli, yupo nyumbani tu. Awe mwanagenzi wake kwenye kazi hii. Ila apewe posho kila siku, nauli na chakula cha mchana. Mimi naanza na elfu tano kwa siku, wiki ya kwanza.

Dada Salma (Maskati): Wiki ya pili na ya tatu yangu.

Shangazi Zuwena: Chakula ni kwangu. Kijana wa Tabora naye ale hapa hapa, msimwache atafute mkahawa.

Ami Khamis: Nimezungumza naye sasa hivi, kakubali. Kasema mwezi wa kwanza Yussuf hatashika mwiko, atabandua saruji na kuchekecha mchanga.

Yussuf: Nimesoma yote. Nitakuja Ami.

Ami Khamis: Kesho saa moja na nusu. Usije na ndala, chokaa mbichi inaunguza. Viatu vya kufunika na shati la mikono mirefu.

Yussuf: Sawa. Ndoo nibebe ya nyumbani?

Ami Khamis: Beba mbili.