Naomba ushauri: ratiba ya binti anayesomea nyumbani

Ndugu zangu, salaam. Binti yangu ana selimundu (sickle cell), ugonjwa wa kurithi wa damu. Alimaliza kidato cha pili, lakini kulazwa mara kwa mara kumemkatisha shule, hivyo tumeamua asomee nyumbani. Mpango ni afanye kwanza Mtihani wa Maarifa, yaani QT, unaompa mtu sifa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne bila kuwa shuleni, kisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Kiswahili na Historia hazinipi shida. Mitihani iliyopita ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, anaifanya vizuri mwenyewe. Kinachoninyima usingizi ni Kemia na Biolojia. Anataka sana kusomea uuguzi, kwa hiyo masomo hayo hayakwepeki, na mazoezi ya maabara hayafanyiki sebuleni. Kuna aliyewahi kumwombea mwanawe nafasi ya maabara tu kwenye shule au kituo cha jirani? Mlianzia kwa nani, mkuu wa shule au mwalimu wa somo?

Halafu ratiba. Asubuhi ana nguvu, mchana anachoka, na maumivu yakimshika wiki nzima inapotea. Nafikiria kupanga kwa mada za muhtasari wa somo (silabasi) badala ya saa, Hisabati peke yake iwe kila asubuhi. Walimu, mnaonaje? Na aanze na masomo mangapi?