Naombeni ushauri: niendelee na urubani au niache?

Kijana wa Ziwa: Wakuu, heshima kwenu. Nasomea urubani Nairobi, pale uwanja wa ndege wa Wilson. Nina saa 22 za kuruka, leseni ya kwanza inataka 40. Juzi nilikuwa peke yangu kwenye Cessna 172 nafanya sakiti: unaruka, unazunguka, unagusa, unaondoka tena. Ya tatu ikanidunda. Tangu hapo silali. Ada anatoa mama. Niendelee au nirudi nyumbani?

Mama Kibaha: Pole mwanangu. Ungesoma ualimu hayo yasingekukuta.

Dereva wa Fuso: Mimi siku ya kwanza kushika usukani niliingia dukani kwa Mangi, Makambako. Mangi mwenyewe ndiye aliyekuja kunifundisha rivasi. Komaa.

Njiwa Manga: Machi 2024 Cessna 172 ya mafunzo kutoka hapohapo Wilson iligongana na Dash 8, ndege ya abiria, juu ya mbuga ya Nairobi. Wawili waliokuwa kwenye Cessna walifariki. Acha leo.

Spana 17: Zile ziligongana angani, haihusiani. Mleta uzi, ilidunda mara ngapi?

Kijana wa Ziwa: Tatu. Ya mwisho ilitangulia tairi la mbele. Nilisukuma pua chini ili itulie.

Spana 17: Hapo ndipo mnapoharibu. Ikidunda vibaya unatia moto wote, unaondoka, unakuja upya. Wilson iko juu, futi 5,500 hivi. Jua likiwaka hewa inakuwa nyepesi, saa ya kasi inasoma namba ileile lakini lami inakuja mbio, na mgeni anapaniki. Propela iligusa? Fundi kasemaje?

Kijana wa Ziwa: Fundi hajui.

Spana 17: Hajui nini?

Kijana wa Ziwa: Sijamwambia mtu. Niliegesha, nikaizunguka mara mbili, sikuona kitu. Ncha ya propela ina mkwaruzo, huenda ni wa zamani. Na jamani, ndege ya wanafunzi imeshadundishwa na wangapi? Nikisema nitabebeshwa injini nzima. Halafu nimeshakata tiketi ya basi la Sirari, kesho jioni.

Binti wa Mchungaji: Unaomba ushauri na tiketi iko mfukoni? Mungu anakuona.

Spana 17: Propela ikigusa lami injini inafunguliwa, hata kama inanguruma vizuri. Na tairi la mbele likipigwa, bati la nyuma ya injini linaweza kujikunja. Kwa kuzunguka nje hulioni.

Kibwengo: CHAI. Mwezi uliopita huyu alifungua uzi wa kuku wa mayai wanaodonoana, Kahama. Leo rubani!

Dereva wa Fuso: Labda kuku ndiye aliyeruka 😂

Kijana wa Ziwa: Kuku ni wa mama. Nilimuulizia yeye. Ada inatoka kwenye hayohayo mayai.

Njiwa Manga: Weka picha ya kitabu cha saa.

Kijana wa Ziwa: Siweki.

Kibwengo: Chai ya tangawizi hiyo.

Spana 17: Iwe chai iwe uji, ndege hiyo inaruka lini tena?

Kijana wa Ziwa: Kesho saa mbili asubuhi. Kuna dada wa darasa letu, ataruka peke yake mara ya kwanza.

Spana 17: Mpigie mwalimu. Sasa hivi.

Kijana wa Ziwa: Nimepiga. Hapokei.

Spana 17: Panda boda nenda hangani, muone mlinzi. Usiku huuhuu.

Mama Kibaha: Hao kuku wanaodonoana wapunguzie mwanga bandani, mwanangu.

Spana 17: Kijana, uko wapi?