Alumini ya milimita 1.2 inatoboka kwenye TIG ya AC

WaKamukunji: Mafundi, habari zenu. Nachomelea trei za bati la alumini la milimita 1.2 kwa TIG, ile tochi yenye ncha ya tangsteni na gesi ya agoni, kwa AC, yaani umeme unaogeuka chanya na hasi. Ampea 80, balansi (mgao wa muda kati ya chanya na hasi) asilimia 50, tangsteni ya milimita 2.4. Bati linakaa bila dalili yoyote, halafu ghafla linadondoka. Ncha ya tangsteni nayo inavimba kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Kosa liko wapi?

Kariobangi_Light: Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, lakini ngozi ya oksaidi iliyo juu yake hutaka zaidi ya 2000. Chini kumeshakuwa uji, juu bado kumeshikana. Ngozi ikipasuka, yote yaenda. Ndiyo maana tunatumia AC: tangsteni ikiwa chanya ngozi inabanduka, ikiwa hasi joto linaingia kwenye bati. Kwa 50 unaichoma tangsteni yenyewe. Peleka upande wa hasi 70. Angalia kitabu cha mashine, maana nyingine huhesabu usafishaji, yaani upande wa chanya, na hapo ni 30. Tangsteni ya milimita 1.6, anza na ampea 50, agoni tupu lita 7 kwa dakika. Ukiona ukanda mweupe kama maziwa, milimita moja au mbili kando ya mshono, balansi imekaa. Vidoa vyeusi kama pilipili manga vikielea kwenye dimbwi la alumini iliyoyeyuka, ongeza usafishaji kidogo.

MshonoSafi: Na usafi, tafadhali! Futa mafuta kwa asetoni kwanza, ndipo upige brashi ya chuma cha pua ambayo haijawahi kugusa chuma kingine. Ukianza na brashi unayasugua mafuta yaingie ndani. Bana kipande cha shaba chini ya mshono kinyonye joto, shikiza kwa nukta za kuchomelea kila sentimita 2 au 3. Waya wa kujazia wa alumini aina ya 4043, wa milimita 1.6. Bati jembamba hulimbikiza joto, kwa hiyo ukifika katikati legeza pedali. Mwishoni usikate moto ghafla: shusha polepole ukitia tone la waya, la sivyo kile kishimo kinachobaki mwisho wa mshono kitapasuka.

WaKamukunji: Shukrani. Kijana wangu ana transfoma ya kawaida ya kuchomelea kwa rodi, ya AC. Itafaa kwa hizi trei?

Kariobangi_Light: Hapana. Rodi za alumini hutaka DC, umeme usiogeuka, rodi ikiwa chanya, na bati la chini ya milimita 3 litamshinda hata akiwa na DC. Na asiifunge tochi ya TIG kwenye hiyo transfoma: haina HF, yaani umeme wa masafa ya juu wa kuwasha moto upya, kwa hiyo moto utazimika-zimika kila mkondo unapogeuka.

MshonoSafi: Mtungi wa agoni iliyochanganywa na CO2 pia usiuguse. Utaunguza tangsteni na mshono utajaa masizi.