Hivi ni maneno gani ya Kiingereza yamewachosha masikio?

Mdau_Kigamboni:

Habari za jioni wakuu. Naomba tujadili kitu kimoja kinaniudhi kweli kweli na hapa ofisini sina wa kumwambia maana wote ndo hivyo hivyo. Vikao vyetu vinaendeshwa kwa Kiingereza, mabosi wawili ni Waingereza, yupo Mmarekani mmoja, halafu sisi Wabongo ndo wengi. Sasa mtu hamalizi sentensi mbili hajasema "at the end of the day". Akikwama kidogo "basically". Akitaka kukupinga "with all due respect", na ukishaisikia hiyo ujue heshima imeishia hapo hapo.

Ila inayonimaliza mimi ni "going forward", yaani kuanzia sasa kwenda mbele. Juzi tumeuliza malipo ya ovataimu yanarekebishwa lini, tukajibiwa kwamba "going forward" uongozi utaliangalia suala hilo kwa umakini, watu wakatikisa vichwa, kikao kikafungwa, narudi mezani kwangu nataka kuandika kwenye daftari tarehe ya kulipwa nakuta sina cha kuandika. Imesemwa sentensi ndefu yenye sauti nzuri na hakuna kilichosemwa, na sisi tuliouliza tumetoka tumeridhika!

Naomba kujua mawili. Wenye lugha yao wanaviona hivi vimaneno au masikio yao yameshazoea? Na nyie mlioko sehemu zingine kipi kinawakera?

Nesi_Leeds:

Kaka wanaviona sana, tena wanakereka kuliko wewe. Mi niko huku Uingereza, na Waingereza wakianza kulalamikia lugha yao hutoki leo. Kuna watu wanaitwa Plain English Campaign, wapo tangu 1979, kazi yao ni kuzisukuma ofisi za serikali na mabenki waandike fomu na barua ambazo mtu wa kawaida anazielewa. Mwaka 2004 waliwauliza wafuasi wao kama 5,000 hivi walioko nchi zaidi ya 70 ni msemo gani unaudhi kuliko yote na hiyo hiyo "at the end of the day" ndo ikashika namba moja. Nyuma yake ikaja "at this moment in time", maneno matano ya kusema sasa hivi. Na kule Marekani kuna chuo kikuu kipo Michigan, Lake Superior State, tangu 1976 kila ukifika mwaka mpya wanatoa orodha ya maneno ambayo watu wamependekeza yapigwe marufuku. "At the end of the day" waliipiga marufuku 1999, wakairudia tena 2022. Sasa pima mwenyewe kama imesikia.

Mimi wodini ninayoisikia tangu naingia shifti mpaka natoka ni "pop", yaani kufanya au kuweka kitu mara moja bila uzito. Kwa Waingereza mgonjwa hakai kitandani, ana-pop kitandani. Havui shati, anali-pop. "Just pop your arm out for me", "pop yourself on the scales", "I'll just pop this needle in". Mwanzoni ilinikera sana, niliona wanamfanya mzee wa watu mtoto, mtu kapigana vita, kalea wajukuu, leo unamwambia a-pop soksi. Ila nimekaa nao nimeangalia nyuso za wagonjwa, nikaona hiyo pop inafanya kazi ile ile ya "kidogo tu" yetu, si unajua nesi wa nyumbani anavyosema nakuchoma kidogo tu mama, kaa hapa kidogo, nyoosha mkono kidogo. Sindano ni ile ile lakini mgonjwa analegea. Kwa hiyo pop nimeisamehe.

Nisiyoisamehe ni "I'm not being funny but", yaani sina nia mbaya ila. Ikitoka hiyo kinachofuata ni maneno ya kuumiza tu, na ukiumia unaambiwa si nilikutahadharisha.

Winga_Teleza:

Wadau mmewasahau wachezaji wa Ligi Kuu ya England, sisi tunaoangalia mpira kila wikiendi tumeshakariri. "Obviously" inaanza, "obviously we're disappointed", "obviously the lads gave everything", "we take each game as it comes", halafu kuna wa kutoa asilimia 110, sijui hizo kumi za juu wanazitoa ghala gani.

Lakini nawatetea. Yule mtu katoka kukimbia dakika tisini, hajapumua, kasogezewa maiki mdomoni, anaulizwa unajisikiaje baada ya kufungwa, kwani atajisikiaje? Afu akijichanganya akamsema refa kwamba amependelea, FA ya England, chama chao cha soka, inamfungulia mashtaka, anapigwa faini au anafungiwa mechi. Ndo maana klabu zinawafundisha jinsi ya kujibu waandishi. Ile "each game as it comes" ni ngao, anasema kitu ambacho hakuna mtu atakikamata kesho asubuhi kwenye gazeti.

Na msiwacheke maana wa kwetu ni wale wale. "Kwanza namshukuru Mungu, mechi ilikuwa ngumu, wenzetu wametumia nafasi waliyoipata, tunaenda kujipanga na mechi ijayo." Nimeisikia kwa mabeki, kwa makipa, kwa makocha, kwa timu za daraja la kwanza mpaka za Kariakoo. Tena ukiitazama vizuri ina adabu, hajamlaumu mwenzake aliyekosa penati. Wa kulaumiwa ni mchambuzi aliyekaa studio, ana kiyoyozi, ana marudio ya video, ana muda, afu anatuambia timu iliyofunga magoli mengi ndo imeshinda.

Mwl_Kisauni:

Jamani tusitie kila kitu kapu moja. Mimi nasomesha Kiingereza sekondari hapa Mombasa na wazazi huniletea malalamiko kwamba watoto wanasema "um" na "like" mno, eti niwakanye. Siwakanyi. Kuna wataalamu wawili wa Marekani, Herbert Clark na Jean Fox Tree, walitoa utafiti mwaka 2002 baada ya kupitia rekodi za mazungumzo ya kawaida ya watu, wakaona kwamba mtu akisema "uh" mara nyingi kimya kinachofuata huwa kifupi, akisema "um" huwa kirefu zaidi. Kumbe msikilizaji anapewa habari, anaambiwa ningojee kidogo, au ningojee sana, bado sijamaliza, usinikate. Sisi nasi tunayo "yaani" na "nini hii" na lile "eeh" la kuvuta, na mtu asiyekuwa nayo kabisa akizungumza utadhani anasoma risala.

Na "literally", yaani kwa maana halisi ya neno, ambayo watu huitolea macho, mtu akisema "I literally died" na yuko hai anakula biskuti, wacha niwaambie, kamusi ya Oxford ina ushahidi wa matumizi hayo ya kutilia mkazo tangu 1769. Mwaka 2013 magazeti ya Uingereza yalipogundua maana hiyo imo kamusini yakapiga kelele kama kwamba lugha imevunjwa wiki hiyo, na watu walikuwa wakisema hivyo zaidi ya karne mbili.

Kinachonitia uchungu mimi ni zile sentensi za kukaririshwa. Nasahihisha insha za darasa zima, kila mtoto ameamka "as fit as a fiddle", kila mtoto amekimbia "as fast as my legs could carry me", hata aliyeandika kuhusu kumzuru nyanya yake hospitalini naye alikimbia hivyo hivyo. Fiddle ni ala gani mtoto hajui na hajawahi kuiona. Ukigeukia insha za Kiswahili mambo ni yale yale, wote walidamka alfajiri na mapema majogoo yalipowika, na wengine wanaishi orofa ya nne Tudor hawajasikia jogoo maishani. Si kosa lao, sisi walimu ndio tuliowapa alama kwa misemo hiyo tangu shule ya msingi. Mtoto mmoja aliniandikia kwamba alfajiri aliamshwa na mngurumo wa jenereta ya jirani, nikampigia tiki kubwa na nikaisoma mbele ya darasa, na bado wenzake wakaniuliza, mwalimu, majogoo hayatoi alama tena?

Kasarani_Mtaani:

Mwalimu nakuskia hapo kwa um na like, hizo hazina shida. Shida ni Kiingereza ya ofisi. Mi nimefanya customer care hapa Nairobi na tulikuwa tunapewa script, kwanza mteja anawekewa muziki na sauti ya mama inamwambia "your call is important to us", anakaa hapo nusu saa, akifika kwangu ni mimi natukanwa. Na mteja ako na haki, kama simu yake ni important si muajiri watu wa kuishika?

Afu kuna zile za baseball. "Touch base", "ballpark figure", "step up to the plate". Hizo zote zimetoka kwa uwanja wa baseball ya Marekani, na unapata meneja wa Nairobi, amelelewa na mpira na raga, anaomba "ballpark" ya bei ya mafuta ya gari. Sema nipe makadirio bana, watu watakuelewa. "Circle back" nayo, yaani tutarudia hii baadaye, huwa maana yake hatutaongea hii maneno tena. Hiyo orodha dada wa Leeds ametaja, circle back pia ilikuwa ndani 2022.

Lakini ile iliniuma ni siku walifuta watu kazi. Email ikakuja, sitaji kampuni, imeandikwa "as we right-size the organisation, some roles have been impacted". Yaani kampuni inajiweka saizi yake, na nafasi zingine za kazi zimeguswa. Soma tena pole pole. Roles zimekuwa impacted. Hakuna mtu amefuta mtu. Hakuna mtu amefutwa hata, ni role. Hapo ndani kulikuwa na mama wa watoto watatu tulikuwa tunakula lunch pamoja, na hakuna mahali jina yake ama hata neno watu imeandikwa. Nilisoma hiyo email mara mingi nikitafuta nani amefanya hicho kitendo na hayuko. Kiingereza inaruhusu hivyo, unatoa mtenda kabisa na sentensi inasimama. Ndio maana mi siwezi chukulia haya maneno kama mchezo. "Going forward" ya jamaa wa Kigamboni ni ndugu ya hiyo "impacted". Moja imeficha tarehe, ingine imeficha mtu.

Bi_Mwanakombo:

Assalamu alaykum. Nimewasoma nyote na kaka wa Kasarani umenigusa, pole sana kwa yaliyowapata wenzako.

Mimi ni mhariri wa habari za redio hapa Unguja na nataka kuongeza kwamba hii "at the end of the day" haiko ofisini kwa Mdau tu, imeshavuka bahari imeingia kwenye Kiswahili chetu. Sikilizeni taarifa ya habari, sikilizeni Bunge, sikilizeni vipindi vya michezo, "mwisho wa siku mwananchi anataka maji", "mwisho wa siku tunahitaji pointi tatu". Mwisho wa siku kwa mzee wangu ni magharibi, jua linatua watu wanatia udhu. Tulikuwa na hatimaye, tulikuwa na mwishowe, na mara nyingi hata hizo hazihitajiki, mwananchi anataka maji, basi, sentensi imetimia. Nikipokea ripoti nikaikata hiyo mwisho wa siku hakuna msikilizaji anayepungukiwa na kitu.

Tena tusiwasingizie Waingereza kila kitu. "Suala zima la" tumelitengeneza wenyewe. Suala zima la elimu, suala zima la usafi, suala zima la bei ya karafuu, hivi kuna nusu ya suala? Namkatia mwandishi leo, kesho analirejesha, na ni kijana mzuri mwenye habari nzuri, lakini anaona bila ya hilo hatosikika kama mtangazaji.

Mdau_Kigamboni:

Asanteni sana wakuu, nimejifunza mengi kuliko nilivyotegemea. Bi Mwanakombo umenifungua, jioni hii hii nimemsikiliza shemeji yangu kwenye simu, mwisho wa siku zilimwagika. Kasarani hilo la kuficha mtu na kuficha tarehe ndo lenyewe nililokuwa nashindwa kulisema. Ijumaa tuna kikao tena na ovataimu ipo kwenye ajenda. Nisaidieni, namuulizaje bosi bila kuonekana mkorofi?

Nesi_Leeds:

Usitoe hotuba. Akisema "going forward" mwache amalize, afu uliza kwa upole "which month would that be?" na kalamu iwe mkononi anaiona. Waingereza wakiona unaandika huwa wanakuwa waangalifu.

Kasarani_Mtaani:

Na mkitoka hapo tuma email siku hiyo hiyo, watu wote wa kikao wakiwa kwa CC, "as agreed, overtime will be paid from" na uweke huo mwezi amesema. Akikosa kujibu iko kwa maandishi. Akijibu "let's take this offline", yaani tuongee hii kando, kuja hapa utuambie.