Naombeni ushauri: Kiingereza cha wazee wa Newcastle kinanishinda, na ndio ninaowahudumia

Dada wa Moro:
Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni dada wa Kitanzania, nina miezi minne hapa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Mtihani wa Kiingereza wa kuja huku niliufaulu vizuri, na taarifa ya habari naifuata neno kwa neno. Nikiingia vyumbani kwa wazee wangu, ni kama nimeshushwa nchi nyingine.

Jumanne nikiwa zamu ya usiku, mzee mmoja wa miaka 80 na ushee alishika ukingo wa kitanda akawa ananiambia "netty, pet, netty" ("pet" huku ni kama kusema "mpenzi"). Nikadhani Netty ni bintiye, au labda marehemu mkewe. Nikakaa, nikamshika mkono, nikamwambia atakuja kesho. Akarudia mara tatu, kisha akanyamaza, akageukia ukutani. Nilipofunua shuka ndipo nikaelewa kuwa kuna jambo. Asubuhi mwenzangu akaniambia netty ni choo.

Mtu aliyefanya kazi kwenye mgodi wa makaa ya mawe tangu ujana wake amejikojolea kitandani kwa sababu sikumwelewa. Nilimsafisha, nikambadilisha, wala hakunilaumu. Nimelia kwenye basi mpaka nyumbani.

Nifanyeje? Nihamie London? Na kwa nini hawa hawasemi Kiingereza tulichofundishwa?

Kijana wa Kino:
Pole sana dada. Mimi ningehama. Hao wa kaskazini wanaongea Kiingereza kibovu, nasikia hata Waingereza wenzao wanapata shida. Shikilia kile cha shuleni.

Mwalimu Mstaafu:
Kijana wangu, hapo kwenye "kibovu" siwezi kukuachia. Nimefundisha Kiingereza miaka 31, na nilichelewa sana kulijua hili ninalowaambia.

Kiingereza hakikuanza kikiwa kimoja kikaharibika. Kilifika kisiwani kikiwa vilugha kadhaa. Kuanzia karne ya 5 walivuka bahari watu kutoka pande za Ujerumani ya kaskazini na Denmark: Waangli wakakaa kaskazini na mashariki, Wasaksoni kusini, Wajuti pande za Kent. Kila kundi na matamshi yake. Kisha wakaja Waviking. Mwaka 793 walivamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, kisiwa kilicho pwani ya huko huko kwa dada yetu, na 866 wakauteka mji wa York. Walioa, wakalima, wakachanganya lugha. "Sky", "knife", "husband", hata "they", ni maneno yao.

Sasa sikilizeni kisa kimoja. William Caxton alileta mashine ya kwanza ya kuchapa vitabu Uingereza mwaka 1476. Mwaka 1490 aliandika kuhusu wafanyabiashara waliokwama kwenye mto Thames kwa kukosa upepo. Mmoja akapanda ukingoni kwa mwanamke mmoja, akaomba "egges", yaani mayai. Yule mama akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa! Mwanamume akakasirika, maana hata yeye Kifaransa hakijui. Ikabidi mwingine aseme "eyren" ndipo mama akaelewa. Egges lilikuwa neno la Waviking, eyren la kusini. Caxton akauliza: sasa mimi nichape lipi?

Ofisi, mahakama na wachapaji walikuwa London na jirani yake, kwa hiyo Kiingereza cha huko ndicho kikaingia vitabuni, kikaja mpaka kwenye ubao wangu. Cha Newcastle kilibaki vinywani mwa watu. Mzee wako akisema "gan" kwa maana ya kwenda, hilo ni "gangan" la Kiingereza cha kale. Mtoto wanamwita "bairn", na Wadenmark mpaka leo husema "barn". Akikwambia "I'll larn you", hajakosea. Kitenzi cha kale "læran" maana yake ilikuwa kufundisha.

Na hili litakusaidia kesho asubuhi. Zamani nyumba ilikuwa "huus" na mji "tuun". Kati ya miaka ya 1400 na 1700 kusini walibadilisha irabu, wakawa wanasema "haus" na "taun". Wazee wa kaskazini hawakubadilisha. Ukisikia "uu" mahali ulipotegemea "au", igeuze kichwani utapata neno lako.

Mwana wa Mvita:
Mwalimu umenena. Dada, sisi Mombasa twalijua hili. Mwaka 1928 walikutana hapa kwetu kuamua Kiswahili gani kiingie shuleni, kikachaguliwa cha Unguja. Kimvita hakikufa wala hakikuwa kibovu, ila hakikupata kitabu cha shule. Bibi yangu macho akiyaita "mato", na "njoo" kwake ilikuwa "ndoo". Alikuja mgeni wa bara, bibi akamwita "ndoo, mwanangu, ndoo", yule akainuka kutafuta ya kutekea maji. Bibi alikuwa amemwekea chakula. Huyo mzee wako ni bibi yangu.

Bongo Ohio:
Nakubaliana. Huku Marekani wanasema "fall" kwa majira ya majani kupukutika na "gotten" badala ya "got", Waingereza wengi wanaona ni uvunjaji wa lugha. Kumbe yalitoka kwao, wakayaacha wenyewe.

Kea wa Gateshead:
Dada, nipo ng'ambo ya mto tu, mwaka wa tatu sasa. Usihame. Kwanza shika yale yanayogusa mwili. "I'm badly" maana yake anaumwa, usipite. "Give us me glasses": hapo "us" ni yeye peke yake, anataka miwani yake. "Clarty" ni kuchafuka kwa matope. "Bait" ni chakula cha kubeba kazini. "Hoy" ni kurusha.

Usiitikie "yes, yes" kama hujaelewa, hilo ndilo linaloumiza watu. Sema "show me", naye ataonyesha kwa kidole. Ningekuwa wewe ningerudi kwa mzee yule yule nikamwomba anifundishe. Nunua kidaftari kidogo kinachoingia mfukoni mwa sare.

Kijana wa Kino:
Mwalimu nimekuelewa. Dada, nafuta ushauri wangu.

Dada wa Moro:
Nimerudi, zimepita wiki mbili. Nilianza kwa kumwomba radhi kuhusu usiku ule. Akanipigapiga mkono, akasema "divvent fret, hinny", yaani usijali, mpenzi. Nikamwonyesha daftari. Akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Aye, I'll larn ye." Mwalimu, nilikukumbuka papo hapo!

Sasa kila nikimpelekea chai ananipa neno moja. Akitaka choo anasema netty, nami naitikia netty, tunakwenda. Jana lilikuwa la 14: "spelk". Sikulielewa, nikasema "show me". Akanyoosha kidole gumba cha kulia, karibu na ukucha kuna kovu jembamba, jeusi kama uzi. Kibanzi cha mbao kilimwingia mgodini akiwa na miaka 16.