Tupeane uzoefu: Kuongeza ukubwa wa matairi ya pikapu, nini kinagusa wapi na kwa nini

Ekseli_ya_Nyuma

Wakuu, uzi huu ni wa kuweka pamoja tunayoyajua kuhusu kufunga matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani kwenye pikapu. Tuweke vipimo, majina ya vifaa na sababu. "Weka tu mkuu, linaingia" haimsaidii mtu anayekwenda kulipia matairi matano.

Naanza na hesabu maana ndiyo inayorukwa. Chukua 265/65R17, saizi inayotoka kiwandani kwenye Hilux na Ranger nyingi. 265 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo, 17 ni rimu kwa inchi. Ubavu: 265 × 0.65 = 172.25. Ubavu uko juu na chini, kwa hiyo mara mbili, 344.5. Rimu: 17 × 25.4 = 431.8. Jumlisha, kipenyo ni 776 mm. Ukipiga hesabu hiyohiyo kwa 265/70R17 unapata 803, na 285/70R17 ni 831.

Wenye rimu 16: 265/70R16 ni 777, 265/75R16 ni 804, 285/75R16 ni 834. Rimu 18: 265/60R18 ni 775, 265/65R18 ni 802. Mnaona ngazi zinajirudia? Karibu 776, karibu 803, karibu 832. Mtu akikuuliza umefunga saizi gani, anachotaka kujua hasa ni kama uko ngazi ya pili au ya tatu.

Na kitu kimoja cha kuondoa tamaa mapema. Kutoka 776 hadi 803 ni milimita 27, lakini gari linapanda 13 tu na ushee. Nusu nyingine inakwenda juu ya ekseli, na hiyo ndiyo inayotafuta plastiki ya ndani ya madigadi.

Ofseti30

Mkuu umefungua vizuri. Kabla ya kununua, pima gari lako wewe, maana hata gari mbili za modeli moja zinaweza kutofautiana kwa bampa na alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu).

Egesha mahali tambarare. Kata usukani hadi mwisho upande mmoja, halafu mwingine, na kila mara pima tairi la mbele sehemu nne: kona ya nyuma ya bampa, madifulapu na plastiki iliyo nyuma ya gurudumu, kikalio cha bodi juu ya chesisi (lile pande la chuma nyuma ya gurudumu la mbele, karibu na miguu ya dereva), na wishiboni ya juu (mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu kwenye chesisi) upande wa ndani.

Ngazi ya pili kwa upana uleule wa 265 inakula 13 mm kuelekea mbele na 13 kuelekea nyuma. Ongeza 10 za tope na za tairi kujikunja. Penye chini ya 25 mm, ujue patagusa siku moja. Ngazi ya tatu kwa 285 inakula 27 mbele na nyuma, na ubavu unatanuka 10 mm ndani na 10 nje ukiwa na rimu ileile. Hapo ndipo wishiboni inapoingia kwenye mazungumzo.

Halafu msipime gari limesimama tu. Panda gurudumu moja la mbele juu ya jiwe au rampu ya kimo cha sentimita 30 hivi, mtu mmoja akate usukani polepole toka mwisho hadi mwisho, mwingine amulike kwa tochi kutoka pembeni akiwa mbali na gurudumu. Kisha endesha mita chache huku umekata, mbele na nyuma, ukigusa breki. Ukifunga breki ukienda mbele, bushi (raba za maungio ya wishiboni) huliachia gurudumu lirudi nyuma kidogo, kuelekea kikalio cha bodi. Ukirudi rivasi linasogea kuelekea bampa. Ndiyo maana kuna gari linanguruma likitoka maegesho tu, na barabarani liko kimya.

Tope_Jekundu

Si kazi ngumu hivyo. Inua inchi mbili, tatizo limekwisha.

Springi_Laini

Hapana mkuu, na hili linagharimu watu. Kuinua gari kunapandisha pale linaposimama. Hakubadilishi pale springi inapobanwa hadi mwisho. Ukitumbukia shimoni kwa kasi, ekseli inapanda hadi kwenye raba ya kugotea ileile (inayozuia springi isibanwe zaidi), na tairi linafika kulekule lingefika kabla hujainua. Kama halikuwa na nafasi pale juu, bado halina. Tofauti ni kwamba sasa linafika huko mara chache, na likifika linafika kwa kishindo. Anayetaka kulizuia kweli anaweka raba ndefu zaidi, akijua anapunguza safari ya springi.

Na kugusa kikalio cha bodi wakati wa kukata kona hakuhusiani sana na kimo. Tairi linazunguka katika duara lilelile kuzunguka boljointi zake (maungio ambayo gurudumu linageukia), gari liwe juu au chini. Kuna baya zaidi: ukiinua mbele bila kurekebisha alaimenti, kasta (mlalo wa mhimili wa kugeuzia gurudumu, ukitazama gari kwa ubavu) inapungua, maana yake gurudumu linasogea nyuma, kuelekea palepale panapogusa. Gari linapoteza pia ule uzito wa usukani kujirudisha wenyewe baada ya kona.

Kwa ngazi ya pili, utaratibu unaoharibu kidogo ni huu. Kwanza fungua madifulapu uyasogeze au uyakate kona. Kisha plastiki ya ndani: fungua klipu, ipashe moto kwa mashine ya hewa ya moto mpaka ilegee, isukume kwa kitambaa kinene, ishike hadi ipoe, rudisha klipu. Kisha fundi wa alaimenti aongeze kasta ndani ya kiwango cha gari, gurudumu lisogee mbele milimita kadhaa. Gari nyingi zinaishia hapo. Kukata kikalio cha bodi na kuchomelea bati ni kazi ya ngazi ya tatu, na ikifanywa bila rangi ya kuzuia kutu, pale ndipo kutu itaanzia.

Ofseti30

Namuunga mkono Springi_Laini, na naongeza rimu, kwa sababu nusu ya kesi za "tairi linagusa" ni za rimu.

Hilux ya kuanzia 2015 rimu yake ya 17 ina upana wa inchi 7.5 na ofseti ya +30, yaani pale rimu inapofungwa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) pako 30 mm nje ya mstari wa katikati wa rimu; namba ikishuka, gurudumu linatoka nje. Mtu ananunua rimu ya inchi 9 yenye ofseti 0 kwa sababu inapendeza. Tupige hesabu: upana umeongezeka inchi 1.5, nusu yake ni 19 mm kila upande. Ofseti imesukuma yote nje 30. Kwa nje: 19 + 30 = 49 mm, gurudumu limetoka nje ya bodi karibu sentimita tano. Kwa ndani: 19 − 30, yaani limekaa mbali na wishiboni kwa 11 mm. Utafurahi kwamba wishiboni imepona, lakini kadiri tairi linavyokaa mbali na boljointi ndivyo linavyofagia duara kubwa ukikata kona, na sasa linapiga bampa na madifulapu ambayo lisingeyagusa kwa rimu ya kiwandani. Usukani unavuta kwenye mashimo, beringi za habu zinabeba mzigo kwa pembe mbaya, na tope lote linarushwa mlangoni. Spesa (pande la chuma linalowekwa kati ya habu na rimu) hufanya kitu hichohicho.

Jambo jingine: Hilux na Ranger zote ni stadi (boliti za gurudumu) sita kwenye duara la kipenyo cha 139.7 mm, yaani 6×139.7, basi watu wanadhani rimu zinabadilishana. Tundu la katikati la Hilux ni 106.1 mm, la Ranger ni 93.1. Rimu ya Ranger haipiti kwenye habu ya Hilux kabisa. Rimu ya Hilux inapita kwenye Ranger lakini inaelea, na kwa kuwa Ranger ya kizazi cha 2011 ofseti yake ni +55, gurudumu linatoka nje 25 mm. Ukilazimika kuifunga hivyo, tafuta ringi ya kujaza tundu, la sivyo utabalansi mpaka uchoke na mtetemo utabaki.

Angalia na nati. Nati za rimu za aloi zenye wosha bapa hazikai kwenye rimu yenye matundu ya koni, hata kama nyuzi ni zilezile. Inakaza, inaonekana imeshika, kisha inalegea yenyewe. Kwa rimu yoyote mpya, rudia kukaza kwa tokiwrenchi baada ya kilomita 50 hadi 100.

Mzigo_Kwanza

Mnazungumzia kugusa, hakuna aliyetaja uzito. Pikapu ni gari la mzigo wakuu.

Baada ya saizi kuna namba, mfano 112S. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja. 110 ni 1,060, 116 ni 1,250, 121 ni 1,450. Herufi ni kasi: Q ni 160 kwa saa, R 170, S 180, T 190. Usishuke chini ya namba ya uzito iliyokuja na gari, hata tairi liwe kubwa na la kutisha kiasi gani kwa macho.

Matairi ambayo saizi yake inaanza na LT (ya magari mepesi ya mizigo) yana namba mbili, mfano 121/118. Ya kwanza ni tairi likiwa moja upande mmoja, ya pili ni yakiwa pacha. Hapa ndipo wengi wanapokosea: LT ya kundi E (daraja la uimara wa kubeba mzigo) inabeba zile 1,450 ikijazwa upepo wa PSI 80. Ukiijaza zile PSI zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mlango, ambazo ziliwekwa kwa tairi la kiwandani, inabeba kidogo kuliko tairi ulilolitoa. Ubavu unafanya kazi kupita kiasi, unachemka, na siku ya mzigo na jua kali linapasuka.

Njia sahihi: pitisha gari kwenye mizani likiwa na mzigo wako wa kawaida, pata uzito wa kila ekseli, gawa kwa mbili, tafuta namba hiyo kwenye jedwali la mtengenezaji wa tairi, uongeze PSI chache juu. Kisha chora mstari wa chaki kukatiza kashata (sehemu ya tairi inayogusa barabara) upana wote, endesha mita 20 moja kwa moja. Chaki ikifutika katikati tu, upepo ni mwingi. Ikifutika kingo tu, ni mdogo. Chaki ni ya kuhakiki tu. Haijui umebeba tani ngapi, kwa hiyo usishuke chini ya jedwali kwa sababu ya chaki.

Kama hubebi mizigo mizito wala hupiti mawe makali, LT ya kundi E ni mateso ya bure. Tairi moja linaweza kuzidi la kiwandani kwa kilo 7 au 8, na gari tupu litakuwa linarukaruka nyuma kama beseni.

Difu_410

Upande wa mwendo. 776 kwenda 803 ni ongezeko la 3.4%. Kwenda 831 ni 7%.

Mshale ukisoma 100, ngazi ya tatu unakwenda 107, ukichukulia mita ilikuwa sahihi. Nyingi hutoka kiwandani zikisoma juu kidogo, ndiyo maana ngazi ya pili mara nyingi huikuta mita ikiwa karibu sahihi kuliko awali. Hakiki kwa GPS ya simu kwenye barabara iliyonyooka, usikisie.

Kilomita za dashibodi nazo zinapungua. Ukiona 10,000 kwa ngazi ya tatu, gari limetembea 10,700. Badilisha oili mapema. Na kabla hujalalamika kuhusu mafuta, sahihisha hesabu: lita 60 kwa kilomita 600 za dashibodi unaona 10 kwa lita, kumbe ni kilomita 642, yaani 10.7. Kuna kupoteza kweli, kwa sababu ya uzito na meno, ila si kwa kiasi kile dashibodi inachosema.

Difu ya 4.10 (uwiano wa meno yake) kwa ngazi ya tatu inafanya kazi kama 3.83. Gia ya mwisho inakuwa ya mteremko tu. Ya otomatiki itahangaika kupanda na kushusha gia mlimani na mafuta ya giaboksi yatachemka. Ya manyuo utaunguza klachi ukianza kupanda na mzigo. Breki nazo zinapambana na mkono mrefu zaidi, pedi zilezile. Ngazi ya pili hutahisi sana. Ngazi ya tatu utahisi siku ya kwanza.

Tope_Jekundu

Nimeelewa, naondoa inchi zangu mbili. Matairi ya MT (ya tope) au AT (ya njia zote)?

Springi_Laini

AT, isipokuwa tope ni kazi ya kila siku. Kwenye lami yenye maji MT inashika vibaya, kelele inaanza kadiri meno yanavyolika kwa kupishana, na utazungusha mbele na nyuma kila kilomita 8,000 ili zisilie. Na angalia umri: namba nne za mwisho za DOT (msimbo ulioandikwa ubavuni mwa tairi), 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024.

Ekseli_ya_Nyuma

Namalizia na spea, maana wanaonunua matairi manne ndio wengi. Pima nafasi chini ya kitanda (sehemu ya kubebea mizigo) kabla ya kununua: ngazi ya pili kwa kawaida inaingia, ngazi ya tatu angalia bomba la ekzosti na bampa ya nyuma.

Ukibaki na spea ya zamani ya 776 huku mengine ni 803, ukipata pancha ya nyuma usiifunge spea hiyo nyuma. Hamisha la mbele lije nyuma, spea ndogo ikae mbele, gari likiwa kwenye 2H (nguvu kwa magurudumu ya nyuma tu). Nyuma kukiwa na difu yenye LSD au loki (vifaa vinavyozuia magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti), tairi mbili zisizolingana zinaisugua kila mzunguko, hata kwenye njia iliyonyooka. Usiingize 4H (nguvu kwa magurudumu yote manne) kwenye lami ukiwa hivyo, na taa ya ABS ikiwaka usishangae: sensa inaona gurudumu moja linazunguka haraka kuliko wenzake.